Koo la Sinki

Ukitazama filamu za Kimarekani kwa muda wa kutosha, utaiona tu. Mtu amesimama kwenye sinki, anasukuma mabaki ya chakula ndani ya tundu, anawasha swichi ukutani, na sinki inanguruma kama pikipiki yenye ekzosi mbovu. Kisha kimya. Makombo yameenda. Hakuna pipa, hakuna mfuko unaovuja majimaji kwenye ngazi za ploti, hakuna kijana wa taka kugonga mlango Jumamosi asubuhi. Filamu za kutisha nazo zinaipenda kwa sababu nyingine: pete imeanguka ndani, mkono unaingia polepole, na wewe kwenye kochi unafunika macho.

Kwetu mashine hii si ya kawaida, na hata jina lake halijatulia. Fundi wa bomba akikuambia "ile ya kusaga makombo," mmeelewana. Marekani karibu nusu ya nyumba zinayo. Na tofauti na filamu zinavyotutisha, ndani hakuna visu. Kuna sahani ya chuma inayozungushwa na mota, juu yake vinundu viwili vya chuma vinavyocheza, na pembeni pete yenye meno. Sahani ikizunguka, makombo yanarushwa pembeni na kukwaruzwa kwenye ile pete kama nazi kwenye mbuzi, mpaka yawe madogo ya kupita. Maji yanamalizia kazi. Ndiyo hiyo tu.

Sasa cha kushangaza: mashine iliyobuniwa kuondoa uvundo wa makombo jikoni ndiyo hiyo hiyo Wamarekani wanailalamikia kwamba inanuka. Wanaitupia maganda ya limau, barafu, chumvi, siki, soda ya kuokea. Wanaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Ukitaka kuelewa walifikaje hapo, usianze na limau. Anza na nguruwe.

Mwanzoni mwa karne ya 19, New York ilikuwa na wazoa taka wasiolipwa mshahara, na walikuwa na miguu minne. Nguruwe walizurura barabarani wakila maganda, matumbo ya samaki na mboga zilizooza. Wengi walikuwa wa watu maskini, ambao kwao nguruwe alikuwa akiba inayotembea: anakula bure mtaani, mwisho wa mwaka anakuwa nyama. Charles Dickens alipoutembelea mji huo mwaka 1842 aliwaona hata Broadway, akawaandika kwa ucheshi. Wenye mali wa mji hawakuona cha kuchekesha. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1849, polisi waliwafukuza nguruwe kwa maelfu kutoka katikati ya mji. Maskini wakapoteza nyama, mji ukapoteza wazoaji, na makombo yakabaki pale pale.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, taka nyingi za mji zilipakiwa kwenye mashua na kumwagwa baharini. Bahari nayo si mjinga. Ilizirudisha ufukweni.

Mwaka 1895 mji ulimpa kazi ya usafi Kanali George Waring, injinia na mwanajeshi wa zamani. Waring aliwavika wafagiaji wake nguo nyeupe, akawapitisha barabarani kwa gwaride, na watu waliokuwa wakiwadharau wakaanza kuwapigia makofi. Kisha akaagiza kila nyumba itenge taka zake mara tatu: makombo kivyake, jivu kivyake, na takataka kavu kivyake. Soma hiyo tena. Hiyo ni kabla ya mwaka 1900. Kenya ilipitisha sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, ikitaka taka za kuoza zitengwe na nyingine, na bado kwenye ploti nyingi ndizi, betri na pampasi vinalala mfuko mmoja.

Waring alikuwa na imani moja ambayo inafaa tuikumbuke tukifika kwenye limau. Aliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo ugonjwa, kwamba hewa inayotoka kwenye uozo na mabomba ndiyo inayoua. Aliendelea kuamini hivyo hata wakati madaktari wengi walishageukia vijidudu. Mwaka 1898 alisafiri hadi Havana kushauri jinsi ya kuusafisha mji, akarudi New York na homa ya manjano, akafa. Miaka miwili baadaye kikosi cha daktari Walter Reed, huko huko Cuba, kilionyesha kwamba homa hiyo huenezwa na mbu. Mbu hananuki.

Lakini makombo aliyoyatenga Waring yalienda wapi? Hapa ndipo hadithi inanoga, na hapa ndipo inauma.

Yalienda Barren Island, kisiwa kidogo pembeni mwa Brooklyn, mbali na macho ya wenye nyumba nzuri. Tangu miaka ya 1850 hapo palikuwa na viwanda vya kuchemsha mizoga ya farasi. Mji uliokuwa ukisafiri kwa farasi ulikuwa na farasi wengi wa kufa, na mpaka leo ghuba ya pale inaitwa Dead Horse Bay, yaani Ghuba ya Farasi Mfu. Kufikia mwisho wa karne, makombo ya jikoni nayo yakaanza kufika kwa mashua. Yalipikwa kwa mvuke ndani ya mapipa makubwa, yakakamuliwa, mafuta yakaenguliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa sabuni na mishumaa. Machicha yalikaushwa yakawa mbolea. Ukifikiria vizuri, mama wa Manhattan aliyetupa mafuta ya nyama Jumatatu huenda aliyanunua tena yakiwa kipande cha sabuni ya kuoshea sufuria ile ile.

Biashara ilikuwa nzuri. Harufu haikuwa. Upepo ukigeuka, uliipeleka hadi mitaa ya Brooklyn na fukwe za mapumziko, na wakazi wa huko waliandika malalamiko, wakaunda kamati, wakawasumbua wanasiasa mwaka baada ya mwaka. Yote hayo kwa harufu ya siku ambazo upepo umegeuka. Pale kisiwani penyewe waliishi watu zaidi ya elfu moja: wahamiaji kutoka Poland, Italia na Ireland, pamoja na Wamarekani weusi. Walifanya kazi viwandani, wakachambua mifupa, vitambaa na vyuma, wakafuga, wakasali, wakasomesha watoto kwenye shule ya kisiwa. Viwanda vilifungwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na waliobaki waliendelea kuishi hapo mpaka mwaka 1936, Robert Moses, aliyekuwa na mamlaka juu ya bustani za mji, alipoamua kuwaondoa ili apanue bustani. Mwalimu mkuu wa shule, Jane Shaw, aliwaombea muda hadi watoto wamalize mwaka wa masomo. Muda huo walipewa. Kubaki, hapana.

Kama wewe ni mtu wa Eastlands, hakuna haja ya mimi kukuchorea picha. Dampo la Dandora limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Kuna watu wanaokula kwa kuchambua pale, na kuna watoto wanaosoma kando yake. Anayeishi Lavington huisikia hiyo harufu akipita tu, akafunga dirisha la gari.

Basi turudi jikoni. Mwaka 1927, huko Racine, mji wa Wisconsin ulio kando ya Ziwa Michigan, msanifu majengo aitwaye John W. Hammes alianza kuunda mashine ya kusaga makombo chini ya sinki. Hadithi inayosimuliwa na kampuni yake ni kwamba alimwona mkewe akifunga makombo kwenye gazeti kabla ya kuyatupa, akaona lazima kuna njia bora. Huenda ni kweli, huenda imepigwa pasi kidogo. Kampuni hupenda hadithi zinazoanza na mke. Kilicho wazi ni kwamba haikuwa kazi ya wikendi moja. Hati ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1935, kampuni ikaanza mwaka 1938, na mwaka huo wa kwanza iliuza mashine 52. Hamsini na mbili! Duka la simu pale River Road linauza zaidi ya hizo kabla ya chakula cha mchana. General Electric nao walikuwa wameshaingia sokoni na ya kwao mwaka 1935. Miji mingi iliikataa mashine hii mwanzoni, ikihofia kwamba mabomba ya majitaka yataziba.

Kilichobadilisha mambo baada ya Vita vya Pili hakikuwa mashine peke yake. Ni wale nguruwe tena. Walifukuzwa barabarani, lakini hawakuwahi kuacha kula makombo ya mji. Tofauti ni kwamba sasa makombo yalisafirishwa kuwafuata shambani. Miji mingi ya Marekani ilikuwa na mkataba na wafugaji: sisi tunakupa mabaki, wewe unatupunguzia taka. Mfumo mzuri kabisa, mpaka ugonjwa uingie. Mwaka 1952, ugonjwa wa malengelenge ya nguruwe ambao kwa miaka 20 ulikuwa umejifungia California ulitoka na kusambaa majimbo mengi. Njia yake ilikuwa vipande vya nyama mbichi ya nguruwe ndani ya makombo, wanaopewa nguruwe wengine. Majimbo yakatunga sheria kwamba makombo lazima yachemshwe kabla ya kulishwa. Kuchemsha ni kuni, ni mitambo, ni mishahara. Wafugaji wengi wakaona heri mahindi.

Na hapa Kenya inaingia kwenye hadithi kwa mlango ambao hatujivunii sana. Mwaka 1921, daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya ugonjwa mpya aliouona kwa nguruwe wa walowezi hapa Kenya, ugonjwa tunaouita leo homa ya nguruwe ya Afrika. Ulikaa barani mpaka mwaka 1957, ulipozuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Inaaminika nguruwe wa pale walikuwa wamelishwa mabaki ya chakula cha ndege zilizotoka Afrika. Sahani ya abiria asiyemaliza chakula chake, basi, na bara jingine likaambukizwa. Huo ugonjwa hauwapati binadamu, ila kwa nguruwe ni balaa, na mpaka leo haujaondoka duniani. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema makombo ya hoteli ni chakula cha bure cha nguruwe, mwambie ayachemshe kwanza.

Wauzaji wa mashine hawakuhitaji kusema mengi. Mwaka 1950 mji mdogo wa Jasper, Indiana, uliamua kuachana kabisa na kuzoa makombo na kuwahimiza wakazi wake wafunge mashine jikoni. Ukawa mfano uliozungumziwa kote nchini: mji usio na makombo! Nzi hawana pa kutua, pipa halinuki, nguruwe hawaugui. Miaka hiyo nyumba mpya zilikuwa zikimea pembezoni mwa miji kama uyoga, na mashine ikawa sehemu ya jiko la kisasa, pamoja na friji na jiko la umeme.

New York haikushawishika. Sehemu kubwa ya mji ule bomba moja hubeba maji ya mvua na majitaka pamoja. Mvua ikizidi, bomba linafurika na yote yanamwagika mtoni bila kusafishwa. Kuongeza makombo ya mamilioni ya watu kwenye bomba hilo kulionekana wazimu, na kuanzia miaka ya 1970 mashine zilipigwa marufuku kwenye maeneo hayo. Marufuku iliondolewa mwaka 1997, baada ya majaribio ya miezi 21 kuonyesha kwamba madhara yangekuwa madogo kuliko ilivyohofiwa. Miji mingine imekwenda mbali zaidi. Philadelphia iliziweka kwenye kanuni zake za ujenzi wa nyumba mpya, na Stockholm, iliyokuwa ikizikataa, ilizifungulia mlango mwaka 2008, kwa sababu mitambo yao ya majitaka hutoa gesi ya kupikia na ya magari, na makombo yaliyosagwa ni chakula kizuri cha mitambo hiyo.

Hoja ya gesi naikubali, mahali ambapo mtambo upo na unafanya kazi. Mahali ambapo majitaka yanaishia mtoni, kusaga makombo ni kubadilisha tu jina la dampo. Hiyo ndiyo kawaida ya harufu katika historia hii yote: nguruwe, kisiwa, shamba, bomba. Kila mara aliyenunua suluhisho aliacha kuinusa, na mwingine akaanza.

Isipokuwa mara hii kidogo ilibaki nyuma, palepale kwenye sinki.

Sababu ni rahisi. Mashine inasaga kwa fujo, na fujo hurusha vitu. Chembe za nyama, wali na mafuta huganda kwenye kuta za chumba cha kusagia, na zaidi ya yote chini ya ule mpira mweusi ulio kwenye mdomo wa sinki, upande ambao huuoni. Pale pana joto, unyevu, giza na chakula. Bakteria wanajenga utando telezi, na ndani yake, mahali ambapo hewa haifiki, wanatoa gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Unaweza kuwasha mashine mara kumi kwa siku na maji yasiuguse upande wa chini wa mpira ule.

Hapo ndipo limau linaingia. Maganda ya limau yakisagwa hutoa mafuta yenye harufu tamu, na jiko linanukia kwa saa moja au mbili. Utando uko palepale. Ni imani ya Kanali Waring ikiwa na rangi ya njano: ukiiua harufu, umeua tatizo. Siki na soda ya kuokea nazo zina maonyesho mazuri, povu linapanda mpaka unahisi umefanya kazi, lakini vikichanganywa vinabatilishana na kinachobaki ni karibu maji yenye chumvichumvi. Povu husaidia kidogo kulegeza uchafu. Muujiza sio.

Kinachofanya kazi hakina mvuto wa video fupi. Zima umeme wa mashine kwenye swichi kuu, sio ile ya ukutani tu. Chukua mswaki mzee na sabuni ya vyombo, kunja ule mpira au uchomoe kama unatoka, na usugue upande wa chini mpaka utelezi uishe. Kitakachotoka hapo kitakufanya ukose hamu ya chakula cha jioni. Kisha barafu na chumvi ya mawe kwa konzi, mashine ikizunguka na maji baridi yakitiririka. Barafu hukwaruza kuta ambazo mswaki haufiki. Malizia kwa kujaza sinki maji ya sabuni na kuyaachilia yote kwa pamoja huku mashine ikinguruma, ili chumba kizima kioshwe. Dawa kali za kuzibua na blichi uziache. Zinakula mpira na vyuma, na kama nyumba ina tangi la maji machafu zinaua bakteria wanaokufanyia kazi humo.

Kila siku sheria ni mbili tatu. Maji baridi wakati wa kusaga, kwa sababu maji moto huyeyusha mafuta yakaenda kuganda mbele ya safari, mahali ambapo ni fundi tu anafika. Acha maji yatiririke nusu dakika baada ya mngurumo kubadilika. Mafuta ya kukaangia hayaingii, hata kidogo. Vivyo hivyo maganda ya ndizi na mashina ya sukuma yenye nyuzi, ambayo hujizungusha kama kamba. Ugali na wali mwingi ukishapondwa unageuka gundi.

Nani anasugua mpira huo? Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan aliandika kitabu mwaka 1983, More Work for Mother, akionyesha kwamba mashine za nyumbani Marekani hazikumpunguzia mama saa za kazi kama zilivyoahidi. Mara nyingi zilichoondoa ni sehemu iliyokuwa ikifanywa na baba na watoto. Kwa jicho hilo, angalia pipa la makombo. Kulipeleka nje ilikuwa kazi ya kijana wa nyumbani. Kupiga mswaki koo la sinki, sijaona tangazo lenye kijana akifanya.

Na kama umesugua yote hayo na bado inanuka, au huna mashine kabisa na sinki yako ya keja inanuka vilevile, tazama chini. Bomba lina kona iliyojipinda kama shingo ya bata. Wazo hilo lilipewa hati ya uvumbuzi London mwaka 1775, na Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, alipounda choo chake: maji kidogo yanabaki kwenye kona na kuziba njia ya hewa chafu. Yakikauka, hakuna kinachozuia harufu ya bomba zima kupanda hadi kwako. Ndiyo maana ukienda ushago Desemba wiki tatu, ukirudi unafungua mlango na kudhani panya amefia ndani. Hajafa mtu. Mwaga jagi mbili za maji kwenye sinki, jagi moja kwenye tundu la bafuni, fungua dirisha, nenda ununue mkate.